Nusu ya Paa

Jumapili, Novemba. Jua la leo halina adabu, na upande wa mashariki mawingu yameanza kujikusanya. Kila mtu Dodoma anaomba mvua. Mimi naomba ichelewe, Mungu anisamehe.

Nina hasira. Niliandika hivyo, nikafuta, nikaandika kitu cha kistaarabu zaidi, nacho nikakifuta. Nina hasira na mume wangu. Basi.

Kijana wa kompyuta ya jirani hapa internet kafe ananitupia macho kwa jinsi ninavyozipiga hizi herufi. Anitazame tu. Nilijifunza kupiga chapa kwenye mashine za zamani, na zile hazikuwa za kubembelezwa.

Kwa wasiotujua: Baba Zuhura alipunguzwa kazi shirika lao lilipobinafsishwa, tukahama mjini kwenda kufungua shamba porini, mbele kabisa ya Nzuguni. Yeye alikwenda na maneno yake. Kujiajiri. Soko huria. Mkulima wa kisasa. Mimi huko nimejifunza mengine: kufyeka, kung'oa visiki, kuchoma, kuokota mawe, kufyeka tena kwa sababu miiba imerudi. Maneno yake ameyapata redioni. Yangu yako viganjani, anayetaka kuyasoma aje nimfunulie mikono.

Watoto wetu wawili wako kwa dada yangu kule Miyuji mpaka nyumba iezekwe. Nimetoka huko sasa hivi. Mdogo ameanza kumwita dada yangu mama. Kila mtu alicheka, nami nikacheka, kisha nikaenda uani nikajifanya natafuta ndoo.

Kwa hiyo mnaelewa ninaposema paa, sisemi paa tu.

Mabati hatukumudu, tukaamua kujenga tembe kama majirani zetu Wagogo. Kuta tulijenga wenyewe, polepole. Paa la tembe halijengwi hivyo. Unapanga magogo, fito, matawi na nyasi, halafu juu yake udongo uliokandwa, na udongo huo lazima uwekwe wote siku moja. Ukiweka nusu leo na nusu siku nyingine, paa litapasuka pale vipande vinapokutana, na mvua ya kwanza itakuja kulala nanyi kitandani. Inahitaji watu wengi. Ndiyo maana kule hakuna anayeezeka peke yake.

Desturi yao, mwenye nyumba anapika pombe, watu wanakuja, kazi inakwisha kwa nyimbo. Sisi ni Waislamu, pombe hatupiki. Niliogopa hata kuuliza. Lakini nilipita kaya kwa kaya, nikiamkia kwa Kigogo changu kibovu, watoto wakinicheka, nikamwambia kila mmoja ukweli: pombe sina, nitapika pilau ya mbuzi. Mama Ndahani, jirani yetu wa karibu, mama mtu mzima mwenye ulimi mkali, akasema, "Pilau? Basi mimi nakuja na wajukuu wote." Nilirudi nyumbani naruka kama msichana.

Alhamisi walikuja. Walikuja kweli! Wanawake na ndoo za maji vichwani, wanaume wakikanyaga udongo, Mzee Lesaka, jirani mwingine, juu ya paa akitoa amri na matusi ya utani. Baba Zuhura alikuwa mjini, eti anafuatilia mambo. Mpaka adhuhuri nusu ya paa ilikuwa imefunikwa na pilau ilikuwa inanukia. Sijawahi kupapenda mahali pale kama nilivyopapenda saa ile.

Ndipo aliporudi bwana mkubwa.

Shati jeupe, viatu vya ofisini. Akasimama chini ya kivuli, akaomba kazi isimame, akaanza kuwaita mmoja mmoja na kuwapa noti. Alizichenji mjini makusudi, ziwe ndogondogo. Akawaambia, akiwa amejaa tabasamu, kwamba zama za kufanyishana kazi bure zimepita, kila mtu apate jasho lake, ili baadaye tusije tukadaiana.

Nilikuwa na mwiko mkononi. Nilitamani ardhi inimeze, au immeze yeye.

Hakuna aliyepiga kelele. Ingekuwa afadhali wangepiga. Mzee Lesaka alishuka taratibu, akanawa mikono, akamrudishia noti yake kwa mikono miwili kama mtu anayempa mkubwa zawadi. "Sisi tulidhani tumekuja kwa jirani," alisema. "Kumbe tumekuja kwa tajiri." Wakachukua majembe na ndoo zao. Mama Ndahani alipita mbele yangu bila kuniangalia. Pilau hakuna aliyeigusa, hata watoto waliitwa wakaondoka.

Mume wangu alinigeukia na kuniuliza, kwa mshangao wa kweli, "Nimekosea nini? Si nimewalipa?"

Hilo ndilo linalonichoma. Hakuwa na nia mbaya. Angekuwa na nia mbaya ningejua pa kumshika. Anaamini kabisa kwamba kudaiana ni aibu. Haoni kwamba pale porini kudaiana ndiyo kuishi. Leo wewe umebeba maji ya paa langu, kesho mimi nitapalilia karanga zako, keshokutwa mtoto wangu akiumwa usiku nitagonga kwako bila kuona haya. Yeye aliwalipa ili yaishe. Na yakaisha!

Ijumaa alitangaza atatafuta vibarua. Nikamuuliza, mtoto akiumwa utatafuta vibarua pia? Akasema nina maneno makali. Ninayo.

Jana asubuhi nilichukua jembe nikaenda shambani kwa Mama Ndahani. Walikuwa wanaberega, yaani kukwangua magugu na mabua makavu bila kugeuza udongo, kujiandaa kupanda. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Akaitikia, akauliza nani kanituma. Nikamwambia sijatumwa. Akauliza nataka nini. Nikasema nimekuja kuberega. Akanionyesha mstari kwa kidevu, tukaberega mpaka jua lilipokuwa kali. Alinipa ugali wa uwele na mlenda. Nilikula mpaka sahani ikawa safi, maana nilijua inatazamwa.

Nilipokuwa naondoka akasema, "Mumeo anayo mikono?"

"Anayo, mama."

"Basi aje nayo. Mfuko auache nyumbani."

Kuhusu paa hakusema lolote, nami sikuthubutu kuligusa.

Nilimfikishia Baba Zuhura ujumbe, neno kwa neno. Akasimama. Akasema yeye hajaacha kiti cha ofisini ili akawe kibarua wa mtu. Nikamwambia kibarua ni yule anayelipwa, na huko hakuna atakayekulipa, kwa hiyo hadhi yako iko salama. Hakucheka. Wakati mwingine ningemhurumia. Tangu apoteze kazi, noti zile ndizo kitu pekee kinachomfanya ajione bado ni mtu wa kutoa, si wa kupewa. Najua. Nimekaa naye miaka yote hiyo, nisijue?

Lakini watoto wangu wako Miyuji.

Kesho alfajiri naenda tena kwa Mama Ndahani, na baada yake kwa Mzee Lesaka. Nimemwambia jembe la pili liko nyuma ya mlango na sitamwamsha. Nimejigamba kwamba aje asije, mimi ni yuleyule. Nimeandika hapa kwa hasira kubwa na ningependa kumalizia hivyohivyo, kichwa juu.

Ila ni uongo. Naogopa sana kesho nitakapofika mwisho wa shamba letu, kwa sababu najua nitageuka kutazama nyuma.