Nywele za Eda

Jumatano, 9 Mfungo Nne 1334

Othman amerudi peke yake.

Nilimwona akipanda kilima, nikadhani kaka yake, mume wangu, yuko nyuma. Nikateka maji ya kunawa. Maji ya watu wawili.

Mume wangu amefariki. Abdulghani! Anasema ilikuwa Jumamosi, tarehe tano, mbele ya Kaisho, wakiwa na mizigo ya unga wa askari wa Wadachi kupeleka mtoni kwenye vita. Homa. Kwamba alimwosha, akamswalia, akamzika, yeye na wapagazi wawili. Wifi yangu Shufaa alianguka palepale mlangoni. Mimi sikuanguka. Nilisimama tu, kata mkononi.

Jumapili, 13 Mfungo Nne

Watu wamepungua. Bado harufu ya ubani na ya matoke yaliyoungua — majirani walipika wakasahau jikoni.

Mwalimu Hemedi wa msikitini alikuja akakaa nje ya pazia kunieleza eda. Miezi minne na siku kumi tangu siku ya mauti. Nisitoke bila dharura. Nisivae nguo za rangi. Wanja hapana, manukato hapana, mafuta kichwani hapana, hina hapana. Nitatoka eda tarehe 15 Mfungo Nane, jua likizama.

Hina. Niliipaka Jumatatu, tarehe saba. Nilijua watarudi juma hilo, nikasaga ile ya kopo iliyotoka Tabora, nikakandia maji ya ndimu, nikakaa nayo tangu asubuhi hadi adhuhuri. Nikajitazama kwenye kioo nikacheka peke yangu. Kumbe yeye ana siku mbili udongoni. Nilikuwa najipamba kwa maiti.

Sikujua. Mungu ni shahidi sikujua.

Nina mvi tangu nikiwa na miaka ishirini na sita, kama marehemu baba. Yeye alinirithisha mvi na akanifundisha kuandika. Hiki ni kitabu chake, kurasa zilizobaki. Abdulghani hakuwahi kuziona mvi zangu zote. Alikuwa anasema nywele zangu zina rangi ya njia ya Karagwe baada ya mvua.

Alhamisi, 8 Mfungo Tano

Mwezi umepita. Weupe umetoka chini, upana wa punje ya mahindi. Kichwa kama shamba lililochomwa likaanza kuota.

Shufaa huja kila baada ya alasiri. Anakaa, anasoma yasini yake, kisha ananifunua mtandio atazame. Ananusa. Anampenda sana kaka yake, kwake eda yangu ni heshima ya mwisho ya Abdulghani, na atailinda hata kwa meno.

Nywele zimekauka. Hina bila mafuta hugeuka majani makavu. Nikipitisha shanuo nasikia — tk, tk — zinakatika palepale nyeupe inapokutana na nyekundu. Asubuhi nimekusanya kiganja kizima.

Ni upuuzi kulilia nywele. Mtu amekufa. Lakini nikililia nywele machozi yanatoka, nikimlilia yeye hayatoki.

Jumatatu, 26 Mfungo Tano

Koku amekuja kutoka Rugu na mkungu wa ndizi kichwani! Kokushubila, mke mwenzangu. Abdulghani alimuoa miaka mitano iliyopita, akamwacha kwao alime. Zamani sikupenda kumwona. Leo nilimshika mkono nikashindwa kuuachia.

Amenyolewa upara. Ndugu zake hawajui eda; desturi yao, msiba ukiingia nywele zinatoka. Akanitazama kichwa akasema, "Waitu, dada! Wao wamenikata mara moja, wewe unakatwa kidogo kidogo."

Nikamweleza katazo la mafuta. Akafikiri. Akauliza, je, mboga nayo imekatazwa? Akachuma mlenda nyuma ya nyumba, akauloweka, akaukamua kwenye kitambaa. Maji mazito, yanavutika kama ute wa yai. Hayana harufu, si mafuta, si rangi. Akanipaka, akanigawa nywele mafungu mafungu, akaanza kuchana nchani akipanda juu, si juu akishuka kama nifanyavyo. Shanuo likapita! Akazisuka mikia minne milegevu, ili nisiwe nazichana kila siku. Anasema nisizivute, nisizifunge kwa kamba ngumu, na usiku nilalie kanga laini, si mkeka.

Akiwa ananisuka akaniuliza kama Othman alisema kaka yake alitamka nini mwisho. Nikasema hakusema. Akauanza mkia wa mwisho.

Ijumaa, 8 Mfungo Sita

Shufaa kagusa. "Hiki ni nini? Kinateleza!" Nikasema mlenda. Hakusadiki. Akashika mkia mmoja wa nywele akauvuta aunuse — ukatoka. Ukatoka wote mkononi mwake, mwekundu, urefu wa shibiri.

Aliutazama mkono wake kama mtu aliyeshika nyoka. Kisha akaufunga kwenye pindo la kanga akaondoka bila kuaga.

Jioni kaleta jani la mkunazi, lililosagwa. Kauliza kwa Mwalimu. La kuoshea linaruhusiwa. Kaweka mlangoni, kaenda zake.

Jumatano, 20 Mfungo Sita

Othman anataka kunioa.

Hakusema mwenyewe. Shufaa ndiye aliyesema, kwa kuzungukazunguka, maana eda haijaisha na posa ya wazi haifai. Kwamba nyumba isivunjike. Kwamba njia ya Tabora imefungwa na vita, kaka yangu hawezi kuja kunichukua, watoto wawili niliozaa wako kaburini, nitakwenda wapi? Othman ni kijana mwema. Wanangu wangekuwa hai wangemwita baba mdogo.

Yote ni kweli. Sina pa kwenda.

Othman huniletea kuni kila Jumatano. Huzitua, husema "Shemeji, salama?" kwa sauti ya chini, macho kwenye kuni. Zamani alikuwa mcheshi, alikuwa anaiga mwendo wa kila mteja dukani kwetu hadi tunashika mbavu. Shufaa anasema siku hizi hali chakula. Nikamhurumia. Nikadhani ni msiba.

Jumamosi, 14 Mfungo Saba

Niandike polepole.

Leo Koku kaja na mwanamume. Amemsimamisha nje ya ua wa matete, mimi ndani. Byabato, jirani yake wa Rugu, mpagazi. Karudi juzi tu, askari walikuwa wamemzuia mtoni miezi yote hii. Alizungumza Kinyambo, naelewa.

Othman alitaja wapagazi wawili waliozika. Byabato ni mmoja wao. Mwenzake amefia mtoni.

Anasema hakuchimba kaburi lolote. Anasema Abdulghani hakuwa na homa. Sanduku lilimwangukia mguuni, mguu ukavimba, hawezi kukanyaga. Askari akasema asiyetembea aachwe. Othman akambeba kidogo. Kisha wakamlaza kwenye kibanda cha kulindia nyani, kando ya migomba, wakamwachia kibuyu. Othman akamwambia askari kaka yake atafuata.

Nikamuuliza siku gani. Akasema walipoondoka ilikuwa Jumapili, kwa sababu Jumamosi walipewa nyama.

Jumapili! Tarehe sita. Othman alisema alimzika tarehe tano.

"Alikuwa anasema?" nikauliza.

"Alikuwa anasema. Alikuwa anaita jina la mdogo wake."

Jumapili, 15 Mfungo Saba

Nimemwambia Shufaa. Kanipiga kofi. Kasema mimi na yule mshamba tunamchafua Othman ili nisiolewe. Kisha akalia hadi akatapika.

Nimetuma pia kwa Mwalimu Hemedi. Jibu lake: neno la mtu mmoja dhidi ya neno la mtu mmoja. Lete shahidi wa pili, binti Ramadhani, au lete kaburi.

Alhamisi, 26 Mfungo Saba

Koku ameondoka alfajiri kwenda Kaisho. Siku tatu kwenda, tatu kurudi, na siku mbili za kuuliza uliza. Nilimwambia njia ina askari, wanakamata hata wanawake wabebe mizigo. Akasema yeye ana upara na jembe, nani atamtamani? Alicheka. Mimi sikucheka.

Kabla hajaenda alinitazama nywele mara ya mwisho. Weupe sasa urefu wa vidole viwili vya kulala. Akazipunguza nchani kwa kisu, zile zilizopasuka, akasema zisipokatwa mpasuko utapanda hadi juu. Nyeupe zimeota ngumu, nzima, zinang'aa. Nilizificha miaka yote kumbe ndizo zenye afya.

Abdulghani, kama uko hai, mguu wako unaoshwa na nani?

Jumapili, 7 Mfungo Nane

Koku hajarudi. Ni siku ya kumi na moja.

Mvua haikatiki.

Jumatano, 10 Mfungo Nane

Othman kaleta kuni. Nilimngoja nyuma ya mlango. Nikamwambia, "Shemeji, nieleze kaburi liko wapi, nitume mtu alizungushie mawe."

Akasema pana mgomba mkubwa. Karibu na mto. Nikasema mto gani? Akasema mvua zimeharibu njia, hapafikiki. Kuni zilikuwa bado begani mwake. Hakuzitua. Aliondoka nazo.

Jumatatu, 15 Mfungo Nane

Jua limezama. Eda imekwisha, wanasema.

Kesho baada ya adhuhuri Mwalimu anakuja kuniozesha kwa Othman, yeye ndiye atakayesimama walii wangu. Nimemwambia Shufaa sitaki. Kasema, sema hivyo kwa Mwalimu, mbele ya watu, uone aibu itamwangukia nani. Lakini hakusema kwa ukali. Alikuwa amechoka. Amekonda naye.

Koku, siku kumi na tisa.

Jumanne, 16 Mfungo Nane

Wanaume bado wako nje. Naandika huku nimesimama, kitabu juu ya sanduku.

Asubuhi Shufaa kaja na bakuli la hina. Akanikalisha, akafungua mikia yangu. Akaanza upande wa kushoto. Mkono wake ulikuwa mwepesi, hakunivuta hata mara moja. Akapaka fungu la kwanza, la pili. Nywele nyeupe zikaanza kupotea. La tatu akasimama. Nikahisi vidole vyake vimetulia kichwani.

Akauliza taratibu, "Byabato alisema alikuwa anamwita Othman?"

Nikasema ndiyo.

"Alikuwa anamwitaje?"

Nikasema Byabato hajui Kiswahili vizuri, ila alilisikia neno. Alikuwa anaita, "Mwana wa mama! Mwana wa mama!"

Shufaa akainuka. Hivyo ndivyo Abdulghani alivyowaita wote wawili, yeye na Othman, tangu utotoni, walipofiwa na mama yao. Mpagazi wa Rugu angelijulia wapi?

Wanaume walikuwa wameshakaa barazani — Mwalimu, wazee wawili wa madukani, Othman kavaa kanzu mpya. Kahawa ya kutafuna imeshazungushwa. Mwalimu anakohoa kuanza hutuba. Shufaa akapita pazia. Hajawahi kupita pazia mbele ya wanaume maisha yake yote! Mikono yote hina hadi viwikoni. Akasimama mbele ya mdogo wake.

"Othman. Ulimwacha anapumua?"

Mwalimu akasema, "Binti yangu, rudi ndani." Hakurudi. Akauliza tena, maneno yale yale.

Nilikuwa nyuma ya pazia, nilimwona kwa mwanya. Nilitaka akatae. Wallahi, nilitaka aape, akasirike, atufukuze. Aliinamisha kichwa. Alisema kwa ile sauti ya kuni, ndogo:

"Alikuwa mzito, dada."

Basi. Hicho tu. Mzee mmoja akasema innalillahi. Mwalimu akafunga kitabu.

Sasa Shufaa ameingia. Anaosha mikono lakini hina haitoki. Anafunga viazi na kibuyu cha maji kwenye kanga. Ameniuliza Kaisho ni njia ipi, ya bondeni au ya mlimani. Sijui. Hatujui wote wawili. Tutauliza.

Mwalimu ametuma neno kwamba nisitoke kwanza, afikiri hukumu yangu ni ipi. Nimemjibu kupitia pazia: kama ni mjane, eda imekwisha, nina ruhusa ya kutoka. Kama ni mke, namfuata mume wangu.

Upande mmoja wa kichwa una hina mbichi, upande mwingine mweupe kwa mwekundu. Nimefunga kitambaa juu yake vivyo hivyo.

Othman ametoka barazani. Amekuja kukaa kizingitini, mgongo kwenye mwimo mmoja wa mlango, miguu kwenye mwimo wa pili. Shufaa amemwambia atupishe. Mara mbili.

Hajatupisha.