Sikio la Mwami

Katindo, Goma
Tarehe 9 Novemba 2025

Mpendwa ndugu yangu Chance,

Nakusalimu kwa furaha ambayo kalamu haiwezi kuibeba yote. Mu wazima huko Liège? Baridi imeanza kuwauma? Sisi tunapumua kwa neema ya Mungu. Mama yangu Nabintu, shangazi yako, magoti yanamsumbua, lakini ulimi wake mzima kabisa.

Sasa keti. Ile picha uliyonitumia kwa simu, ya medali ya pembe ya ndovu yenye uso wa Mwami, mfalme wetu wa zamani, nilimpelekea Viateur wa fotokopi aikuze. Ulisema kwenye jumba la makumbusho wameandika chini yake "mchongaji hajulikani", na kwamba hawatabadili neno bila ushahidi. Yaani babu yetu Cirimwami hajulikani! Nilikasirika nikashindwa kula.

Wewe hukumkuta. Alipohamia huku kutoka Bukavu alikuwa akichonga mipini ya majembe, na kila mnunuzi alisimuliwa jinsi Mwami alivyokaa mbele yake achongwe. Watu wakampachika jina "Rafiki ya Mwami" kwa kumcheka, akazikwa nalo. Hata mimi nilicheka, Mungu anisamehe.

Basi nikamwekea Mama ile picha mapajani. Akavaa miwani. Akaisogeza picha karibu na pua. Kisha akafungua kitambaa chake cha kichwa, mbele yangu na mbele ya Viateur aliyenisindikiza, akasema: "Muangalie muzuri. Ile si sikio ya Mwami. Ni yangu."

Ndugu yangu, lilikuwa lenyewe! Sikio lake la kushoto lina pengo kwa juu, kama limeng'atwa na panya, alizaliwa nalo. Utotoni walimtania mpaka akaanza kulifunika, na tangu hapo hajatoka nje bila kitambaa. Mwami wa kwenye medali ana pengo hilohilo, na chini yake kikunjo kilekile.

"Mwami alienda zake sikio haijaisha kuchongwa," akatueleza. "Nani angemuita arudie? Papa akanikalisha ku kiti, akasema nisitikisike."

Nikamwuliza kama Mwami mwenyewe hakugundua. Mama akacheka mpaka akakohoa. "Nani anajua sikio yake?"

Ndani ya bahasha utakuta picha yake akiwa kichwa wazi, imepigwa upande uleule, pamoja na maelezo yake aliyoyatia alama ya kidole. Jirani yetu Laurence anavuka mpaka kwenda Kigali Jumanne, ataitia posta huko. Wapelekee wenye jumba, waziweke picha mbili pamoja. Wasipoona, wanunue miwani kama ya Mama. Nawe usitoke pale mpaka wamekubali kuandika Cirimwami, herufi zote.

Msalimie mkeo Igihozo na watoto. Hapa nyumbani Cikuru na Munezero wanakukumbuka sana. Mungu aifunike nyumba yako kwa mkono wake, na siku ya kurudi akuonyeshe njia iliyo wazi.

Nilikuwa nafunga barua, lakini hili huwezi kulikosa. Leo Jumapili Mama alikwenda misa kitambaa kikiwa begani, kanisa zima likimtazama. Nikamnong'oneza kwamba atashikwa na baridi, ajifunike.

"Sikio ya Mwami haifunikwi," akanijibu, tena kwa sauti.

Ni mimi nduguyo akupendaye,
Namegabe,
mjukuu wa Rafiki ya Mwami