Siku Saba Bila Kitwitwi

2 Aprili

Mume wangu mpenzi,

Hujambo? Kile kikohozi ulichopanda nacho basi kimekuacha? Mimi sijambo kabisa, ila nacheka peke yangu kama mtu aliyeokota kitu. Kila nikiandika "mume wangu" nalirudia neno hilo kwenye kipande cha karatasi, kulionja tu. Siku kumi na moja za ndoa, halafu ukaitwa kazini mahali ambapo hata simu haishiki! Karakanani kwetu kwa ushonaji, Mama Pacha ameniuliza mbele ya wateja kama nimeolewa na mwanamume au na bahasha.

Hebu nieleze tena hiyo kazi, maana nikiwasimulia mafundi wenzangu nachanganya. Unahesabu vitwitwi, vile vijindege vya matopeni vinavyotoka nchi za baridi, si ndiyo? Wakati huu wanarudi kwao, na ukimaliza siku saba mfululizo bila kumwona hata mmoja, msimu unafungwa nawe unarudi kwangu. Basi wafukuze, mpenzi. Wapigie makofi.

Akupendaye mno,
Mkeo

17 Aprili

Mke wangu kipenzi,

Pokea salamu za mtu aliyepona kikohozi akabaki na ugonjwa wako wewe. U mzima? Na mama hajambo?

Kazi umeieleza vizuri kuliko mimi. Kituo ni chumba kimoja: kitanda, darubini ya miguu mitatu, na kabati la madaftari ya wahesabuji wa miaka kumi na tisa. Mwanzo wa mwezi niliandika elfu nne na mia mbili. Jana, mia tatu. Laiti ungewaona kabla ya kuondoka! Wananenepa mpaka wanatembea kwa shida, vifua vinageuka rangi ya matofali, kisha jioni kundi zima linapaa kwa kelele.

Madaftari yote yanakubaliana: ikifika katikati ya Mei, hamna kitu. Nivumilie mwezi mmoja.

Mumeo

24 Mei

Mume wangu,

Uzima upo? Chakula unakula? Mimi mwili mzima, moyo ndio hautulii.

Mwezi umepita na wiki juu yake. Kikaratasi chako cha juzi kinasema wamebaki kumi na wawili, wa kijivu, hawanenepi wala hawana haraka. Kumi na wawili! Matope yote hayo, na ndege wanaotosha kapu moja ndio wanaotutenganisha? Mapazia ya chumba chetu nimeyashona, nikayafumua, nikayashona upya, ili mikono ipate la kufanya.

Nitakuomba jambo ambalo nimeliogopa siku nne. Andika sifuri. Siku saba tu. Nani atajua? Ndege hawasomi.

Anayekungoja,
Mkeo

11 Juni

Mume wangu,

Natumaini kimya chako si cha ugonjwa. Kama ni cha hasira, nastahili.

Nikueleze nilichofanya. Kwa uchungu nilikwenda kwenye mabwawa ya majitaka nyuma ya karakana, niwaone hao wanaonigombania mume. Mama Pacha alinifuata ameziba pua, akisema fungate yangu ina harufu ya pekee. Tukawakuta watatu. Juni hii, na upepo wa baridi hivi! Walikuwa wakidunga tope kwa midomo, haraka haraka, kama cherehani isiyo na uzi. Nilichuchumaa pale mpaka muda wa kula ukapita.

Mbona hawakwenda na wenzao? Wanaumwa? Hakuna aliyewaambia? Tangu siku hiyo nalala nikiwaza, na nataka kujua kweli kweli. Kwa hiyo futa ombi langu. Andika unachokiona.

Mkeo

20 Juni

Mke wangu,

Mimi mzima, nisamehe ukimya. Sikukasirika. Niliona aibu, kwa sababu nilikutii.

Niliandika sifuri siku sita. Siku ya saba nikatoa madaftari ya zamani, nione wenzangu walifungaje msimu. Kumi na tano, kumi na mmoja, tisa, halafu ghafla sifuri saba, za wino mmoja, zimelala upande mmoja, kama zilizoandikwa kwa pumzi moja. Mwaka unaofuata, vivyo hivyo. Mmoja ameandika pembeni saa ya basi. Mke wangu, katikati ya Mei ndege hawakuwa wakiondoka. Waliokuwa wakiondoka ni wahesabuji.

Nilizifuta sifuri zangu, nikamwita msimamizi wangu, Bwana Miwani, kwa redio ya kituo, nikaungama. Akasema, "Hata mimi nilihesabu hapo. Nilikuwa na mchumba."

Watatu wako hawaumwi. Ni watoto wa mwaka jana, na mwaka wa kwanza wengi wao hawasafiri. Watakaa mpaka wakubwa warudi, na wakubwa wengine huanza kurudi Julai. Zile siku saba hazipo. Msimu mmoja haujavaa viatu, mwingine umeshabisha hodi.

Sasa ofisini wanataka mtu wa kuhesabu mwaka mzima, na wamenipa mimi nafasi ya kwanza. Nikikataa, nakuja nyumbani wiki ijayo. Nikikubali, sijui nakuomba nini. Sijajibu. Jibu hilo si langu peke yangu.

Mumeo

9 Julai

Mume wangu wewe,

Salama? Mimi salama, na nimechafuka tope hadi magotini.

Jana bwawani walikuwa watano. Wawili vifua vyao bado vina rangi ya matofali, lakini imepauka, nao wamekonda. Nilimuuliza Mama Pacha kama hao wanaondoka au wanafika. Akasema yeye ni fundi wa magauni. Nikataka sana uwe pale uniambie, na nikajua nitakuwa na swali jingine kesho, na jingine keshokutwa, na barua inachukua siku tisa.

Tulikosea pamoja, mpenzi, kuweka miadi yetu mikononi mwa ndege. Mwambie Bwana Miwani ndiyo. Karakanani nimeaga, mama amenibariki huku akinicheka, na chumba nimerudisha ufunguo. Nakuja kwako kwa basi la Alhamisi.

Usijibu barua hii. Mleta barua hatanikuta.

Mkeo