Getini Hakuna Mama

Jumatatu, 3 Machi

Geti la mpaka limefungwa tangu asubuhi. Wamekamata lori la vitunguu, chini ya vitunguu bunduki! Basi sote tunaokaa karibu na mpaka tumekuwa washukiwa, hata mimi na cherehani yangu. Askari waliingia dukani, wakapekua mpaka kapu la vipande vya vitambaa. Mmoja akachomwa na pini. Nilimwambia pole, lakini moyoni nilicheka.

Tangazo limebandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya mpakani. Kila mkazi wa huku ahakikiwe upya, apewe kadi mpya. Asiyepata kadi anavushwa upande wa pili. Nivushwe niende wapi? Kule nako hawanijui! Anayekaa kule ni mama, kwenye kiwanja alichoachiwa na kaka yake. Nikisimama uani naliona paa lake, bati la bluu lenye kiraka. Mimi nilizaliwa huku, nyumbani, kabla mama hajahama. Cheti sina. Baba alishafariki; anayejua ni mama na Mungu.

Mume wangu kadi yake ameipata mchana huu huu, na ya mtoto pia. Eti nisiwe na wasiwasi. Rahisi kwake! Kwao ni mbali na mpaka, hakuna anayemuuliza bibi yake alizikwa wapi.

Jumatano, 5 Machi

Kinyozi wa mlango wa pili katoka kuhojiwa. Kaambiwa aimbe wimbo wa taifa. Akaweka mkono kifuani, akaanza kwa sauti nene — wimbo wa kule! Shule alisomea kule, ndio uliomtangulia mdomoni. Na maafisa nao wakasimama wima! Wamefika mstari wa tatu ndipo mmoja akashtuka: jamani, mbona huu si wetu? Kaambiwa arudi tena. Tulicheka mpaka mteja wake akamwomba aweke wembe chini.

Nilipobaki peke yangu nikaujaribu wetu, huku nakanyaga cherehani. Nikakwama. Nikarudia. Nikachanganya beti. Kicheko kikanikauka.

Jioni geti dogo la waenda kwa miguu lilifunguliwa, mama akavuka. Alikuja kama kawaida yake, mfuko begani na ndani gauni la kahawia. Gauni hilo limevuka mpaka mara nyingi kuliko madereva wa malori, na halijawahi kuguswa na sindano yangu. Getini mimi ni fundi, yeye ni mteja. Ndivyo tulivyolelewa wote hapa. Getini hakuna mama, hakuna shangazi, hakuna mjomba. Ukijulikana una ndugu upande wa pili unapekuliwa mpaka soksi, unaulizwa unamletea nini, umetumwa na nani. Mama alinifundisha hivyo kabla sijajua kufunga viatu. Nami nimemfundisha binti yangu. Leo alipomwona bibi yake kwa mbali alinivuta sketi, akanong'ona:

"Leo bibi ni bibi au ni mteja?"

"Mteja. Mpaka tufike ndani."

Ndani nikampa mama chai, nikamweleza shida yangu. Nahitaji mzazi aje mbele ya maafisa, aseme huyu ni mwanangu, nilimzaa huku. Basi tu. Mama akakoroga chai isiyo na sukari.

Ndipo akasema. Kule nako walipoandikisha watu aliulizwa kama ana mtoto upande wa huku. Alisema hana. Alisema hakuzaa.

"Ningesemaje, mwanangu? Waliokubali wana watoto huku hawajapewa kadi mpaka leo. Na bila kadi, kiwanja si chako."

Nikamwambia naelewa. Naelewa kweli. Lakini iliniuma, tena iliniuma sana, na chai yangu sikuimaliza.

Ijumaa, 7 Machi

Sina hali. Nimepachika mkono wa shati ndani nje, nikafumua, nikaupachika ndani nje tena. Mwenye shati kaja, kaondoka kimya. Afadhali angenitukana.

Nimekwenda ofisini kuuliza. Afisa mwenye kesi yangu anavaa miwani mikubwa, watu wanamwita Miwani hata mbele yake. Si mtu mbaya. Kaniambia shahidi mwingine hatakiwi, si jirani, si mume. Mzazi.

Jumapili, 9 Machi

Mama kapiga simu. Hakunisalimia hata. "Nitakuja siku yako ya kuhojiwa. Kiwanja wakichukua na wachukue." Akakata.

Nililia jikoni, nikasingizia vitunguu. Mume wangu akatazama chungu — kulikuwa na maharage.

Jumanne, 11 Machi

Nimekwisha! Nimejimaliza mwenyewe!

Asubuhi kila kitu kilikwenda vizuri. Wimbo niliuimba wote, sikukosea hata neno. Miwani akauliza shule ya mtoto, jina la mwenye nyumba wangu, zamani kisima kilikuwa upande gani wa barabara. Nikajibu bila kusita. Akasema safi, bado mzazi tu. Tukatoka nje kumsubiri mama, mimi mbele, yeye nyuma yangu na faili kwapani.

Mama alikuwa ameshafika kwenye kizuizi. Askari wetu mrefu, yule wa kila siku, alikuwa amemfungulia mfuko, gauni la kahawia liko juu ya meza. Hata leo kaja nalo! Aliniona, akapaza sauti:

"We fundi! Unamjua huyu mama?"

Nami nikajibu, bila kufikiri, huku natabasamu: "Mteja wangu huyo. Kaleta gauni."

Mdomo ulikwenda wenyewe. Maisha yangu yote nimejibu hivyo. Na mama, Mungu wangu, naye akadakia: "Ndiyo, nimeleta lipunguzwe kiuno."

Nyuma yangu nikasikia Miwani akisema taratibu, "Mteja?"

Nikageuka, nikaanza kubabaika. Hapana bosi, ni mama yangu, tunasema hivyo tu, wote hapa tunasema hivyo! Askari mrefu akacheka. Sasa mbona yeye amemjua kama mteja miaka yote? Mama alikuwa ameshakunja gauni. Alirudi kwao bila kuangalia nyuma, kama alivyonifundisha.

Miwani aliniketisha. Alisema dakika hii mteja, dakika ile mama, yeye ataandika nini? Watu wanakodisha wazazi siku hizi. Kisha akafikiri, akanipa nafasi nyingine. Alhamisi. Pale pale getini, mbele ya askari wote, nimwite kama ninavyomwita nyumbani. Naye aitike.

Nimemsimulia mume wangu. Akasema, "Neno moja tu hilo ndilo limekushinda?" Nilibamiza mfuniko wa sufuria mpaka mtoto akaamka. Yeye kwao anamwita mama yake kutoka ng'ambo ya soko zima. Atajua nini huyu?

Jumatano, 12 Machi

Simu ya mama haipatikani.

Mwanamke muuza ndizi kavuka kutoka kule, anasema maafisa wa kule nao wameanza kuuliza nani ana ndugu huku. Nimemtuma amwambie mteja wangu wa gauni la kahawia afike kesho getini. Askari wao na wetu wanakula sahani moja kwenye kibanda cha chai. Likisemwa neno upande mmoja, limeshafika upande wa pili. Kwa hiyo mama akiitika kesho, kule wamesikia. Akinyamaza, mimi ndio basi, na binti yangu atabaki huku na baba yake. Nimelifikiria hili nikiwa nafua. Nimesuuza nguo zile zile mara sijui ngapi.

Mchana nilisimama uani, nikajaribu. "Mama!" Sauti ikatoka kama ya mtu aliyekabwa. Nikajaribu tena. Binti yangu akaja kunisaidia, tukaita wote kuelekea bati la bluu. Kinyozi akachungulia, wembe mkononi, akauliza, kuna msiba? Nikamwambia hakuna, tunafanya mazoezi. Hakuuliza ya nini. Ni mtu wa hapa.

Alhamisi, 13 Machi

Naandika getini, kwenye benchi, daftari gotini.

Mama kaja! Kasimama upande wa pili wa chuma cha kizuizi, kavaa gauni la kahawia. Kalivaa! Sikuwahi kuliona mwilini mwake. Kiuno kweli kinampwaya.

Askari wetu wapo, wa kwao wapo, wote wameegemea chuma kile kile. Foleni ndefu. Miwani akanigusa bega: haya, mwite.

Mara ya kwanza ilitoka hewa tu. Mara ya pili nikafumba macho.

"MAMA!"

Foleni nzima iligeuka. Wanawake wote waligeuka, hata muuza ndizi. Na mama naye akageuka — akatazama nyuma yake, aone nani anaitwa.

Jamani. Pale hajawahi kuitwa hivyo na mimi. Hata mara moja.

Askari mrefu hakucheka. Simu ya Miwani ikalia, akaingia ndani, akaagiza asitoke mtu, nisiongeze neno, nikae. Ndiyo maana naandika. Nisipoandika nitapiga kelele.

Sasa mama kanigeukia. Ananitazama. Askari wa upande wao kamsogelea, kijana mpole wa uso, nasikia kila neno. Anamuuliza, bibi, yule fundi anakuita wewe?

Midomo ya mama inacheza.

Anamuuliza tena. Miwani katokea mlangoni, simu bado sikioni. Mama anapapasa bega lake, anatafuta kamba ya mfuko. Leo hakuja na mfuko; gauni la kusingizia kalivaa.