Maharage ya Kiwanja cha Taka

Jumatatu, 2 Machi

Mvua tangu alfajiri. Nimezunguka soko na gambuti kama kawaida. Kila meza viroba viwili: kimoja cha majani na maganda, kingine cha nailoni na chupa. Leo nimekuta pampasi kwenye kiroba cha majani. Pampasi! Nimefoka mpaka sauti imekauka. Wauza mboga wanaitikia "sawa, afisa." Nikigeuka tu, yale yale.

Majani tumeyapeleka kiwanjani nyuma ya soko. Zamani palikuwa jalala, harufu mpaka barabarani. Sasa taka za mboga tunazifukia chini ya nyasi na udongo, kwenye vituta vya mviringo. Wafipa wanaviita ntumba, wanavitengeneza mashambani kwao ili nyasi zioze ziwe mbolea. Mimi mtu wa Mbeya niliviona nikiwa kwenye basi, huko njia ya Laela, nikaliiba wazo zima zima. Sioni aibu.

Jumatano, 4 Machi

Bosi kaniita. Kamati ya madiwani inakuja Ijumaa ya tarehe 27. Wanataka kuona mbolea, tena kwenye magunia. Isipoonekana, kiwanja kinarudi kuwa jalala, na lori litasomba kila kitu kama zamani, vibichi na vikavu pamoja. Nimemjibu itaonekana. Nimejibu haraka, kabla woga haujanishika. Sasa umenishika.

Jumapili, 8 Machi

Kesho naenda Mtowisa kukagua vyoo vya shule, karibu wiki mbili. Mama Odilia, mwenyekiti wa wauza mboga, ataniangalizia vituta. "Niachie mimi, mwanangu," kasema. Kwa nini alikuwa anatabasamu vile?

Jumatano, 18 Machi

Mtowisa. Joto. Mbu. Wali mtamu kupindukia. Nawaza vituta tu.

Jumamosi, 21 Machi

Nimerudi. Tope mpaka magotini, sijaoga, nimekwenda moja kwa moja kiwanjani.

Maharage.

Kila kituta kimeota maharage! Yamechipua vizuri, yananitazama. Nimepiga yowe. Mama Odilia kaja mbio, uso umekunjuka, anangoja asante. Kumbe hapa hakuna kituta kinachoachwa kitupu wakati wa mvua. Wapita njia watasema mwenye shamba ni mvivu. Wauza mboga walinionea huruma, mgeni wa watu nimesahau kupanda, wakachangiana mbegu wakapanda wote siku moja. Walipanda wakiimba, anasema.

Nikifumua kituta, maharage yanakufa. Nisipofumua, magunia hayajai. Kamati ni Ijumaa. Nimekasirika. Nimeondoka bila kuaga, halafu nikarudi kuaga, maana yule ni mama mtu mzima.

Jumatatu, 23 Machi

Nimekwenda na jembe. Wanawake wameacha meza zao, wamekuja kunitazama. Hakuna aliyenizuia. Laiti wangenizuia.

Mama Odilia kasema neno moja tu: "Ng'oa mwenyewe, mwanangu. Mimi mkono wangu hauwezi."

Nimeinua jembe. Limekaa juu hewani. Nikalishusha taratibu, nikaliegemea kama bibi kizee. Mmoja akacheka, wakacheka wote, na mimi nikacheka mpaka machozi. Afisa mzima nimeshindwa na maharage.

Jumanne, 24 Machi

Kuna jambo hasira ilinificha. Viroba vya majani ni visafi. Nimepekua kimoja baada ya kingine, nimetafuta kosa kwa bidii zote. Sikupata hata kipande cha nailoni.

Mchana muuza mitumba katupa chupa kiwanjani. Jamani! Wauza mboga wamemfukuza mpaka stendi ya bodaboda. "Unatupa takataka shambani kwa watu?" Shambani! Mimi nimewahubiria usafi tangu nihamie huku, nikaambulia "sawa, afisa." Wao wamepanda tu, basi, kiwanja kimepata wenyewe.

Nimeamua. Sing'oi. Bosi atanimeza mzima mzima.

Ijumaa, 27 Machi



Madiwani wamekuja na miavuli. Swali la kwanza: magunia yako wapi? Nimesema hakuna. Nimesema mbolea iko chini ya maharage, inafanya kazi. Nimesema tangu maharage yaote, wauza mboga wanachambua taka bila kusimamiwa, kwa sababu hakuna anayetaka pampasi kwenye shamba lake. Bosi anatazama viatu vyake.

Diwani mmoja, mzee wa hapa hapa Katandala, kakunja suruali, kachuchumaa, kazamisha mkono ubavuni mwa kituta. Katoa udongo mweusi, unafuka mvuke. Kaunusa. Kamuuliza Mama Odilia kitu kwa Kifipa. Kajibiwa, watu wakaangua kicheko. Hakuna aliyenitafsiria, na nadhani nilikuwa natetwa mimi.

Kiwanja kinabaki! Lori litachukua vikavu tu. Na masoko mengine yatapewa viwanja vyao, wauza mboga wenyewe wapande. Nimeruka juu mbele ya wakubwa, gambuti moja ikachomoka ikabaki kwenye tope. Bosi kaniambia nina bahati. Ninayo. Nina furaha mpaka njaa imekata.

Jumapili, 29 Machi

Jumapili ya Matawi. Mvua imetulia, baridi kidogo. Baada ya ibada nimepita kiwanjani peke yangu. Maharage yamenyanyuka. Nimefungua pipi, nimesimama nayatazama.

"Afisa."

Mama Odilia, katoka misani, kitenge kipya, tawi mkononi. Nikamwamkia shikamoo. Hakuitikia. Alinyoosha tawi kuelekea miguuni pangu, kwenye karatasi ya pipi. Nilikuwa nimeidondosha bila kujua.

"Okota hiyo."

Nimeokota. Ndipo akaitikia marahaba, akaenda zake nyumbani.