Kinepali Nakisema Mwenyewe

Baba yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima, wewe na Mama, nikiomba barua hii iwakute salama hapo Kondele. Magoti yako yanaendeleaje? Nimesikia kwa ndugu yangu Yohana kwamba siku hizi unatengeneza baiskeli za watu ukiwa umekaa kwenye kigoda, jambo ambalo sisi watoto tulikuomba miaka mingi ukakataa. Na Mama, kifua chake kimetulia? Wajomba kule Ahero je, mvua zimewaachia kitu shambani, au maji yameingia tena mpaka jikoni? Mimi ni mzima. Baridi ya milima hii inapenya mpaka kwenye mifupa, lakini nimepata shali ya sufu, najifunika kama bibi kizee.

Yohana amfasirie Mama barua hii kwa Kijaluo, asiruke mahali, hata pale ambapo maneno yangu si laini.

Barua yako ilifika. Umesema nirudi nyumbani. Umesema Baba mdogo Zakaria alikuuliza mbele ya watu, msichana huyu anajifunza Kinepali ili aongee na nani hapa Kisumu, na kwamba ulikosa jibu. Umesema pia umekwenda kwa mchungaji, naye ameandika kwa wakubwa wa hospitali kuomba niachiliwe. Yote nimeyasoma, nikayasoma tena. Baba, sirudi sasa. Nakuomba usikie kwanza yaliyonipata huku Nepali, kisha ukasirike ukitaka. Kukasirika ni haki yako.

Tulifika hospitali hii wageni wanne: mimi, daktari mmoja kijana, na wauguzi wawili wa kike, hao wote watatu Wazungu. Ni nyumba ya mawe juu ya kilima, na wagonjwa wanafikishwa kwa miguu au wakibebwa mgongoni, maana barabara iliishia mbali huko chini. Kesho yake Sista mkuu, mama wa Kizungu anayetutawala sisi wauguzi wote, alitugawia kazi. Wenzangu watatu waliambiwa kila asubuhi waende darasani kujifunza Kinepali. Mimi nikaambiwa niende wodini.

Nikangoja wenzangu watoke, nikamwuliza kama nimesahauliwa. Akasema hapana. Akasema mimi nimekuja na mikono yenye ujuzi, wodi ina upungufu wa watu, na mkalimani yupo. Tena, akasema, lugha hii ni ngumu, na hakutaka kunichosha.

Baba, unanijua. Nilimwambia, "Sista, nimezalisha akina mama pale Kisumu miaka yote hii. Sijawahi kumzalisha mama kwa mdomo wa mtu mwingine."

Nikamwambia asubuhi nitakwenda darasani, na kuanzia mchana mpaka giza nitakuwa wodini, kazi yake haitapungua. Akasema basi, nijaribu mpaka sikukuu yao kubwa inayokuja baada ya mvua. Nikishindwa mtihani wa mwalimu, mambo ya darasa yaishe. Hakumwekea mwingine sharti hilo. Nililiona, nikaingia darasani hivyo hivyo.

Mwalimu wetu ni mzee mwembamba mwenye kofia ya rangi nyingi. Tunamwita Guruji, ndiyo heshima yao kwa mwalimu. Siku ya kwanza alitufundisha chakula. Akaonyesha punje zilizo na maganda akasema dhaan. Zilizokobolewa, chaamal. Zilizopikwa, bhaat. Wenzangu wakaona ni vurugu, maana kwao kitu hicho kina jina moja tu, shambani hata mezani. Mimi nikacheka peke yangu. Mpunga, mchele, wali! Mtu aliyelelewa akipelekwa kwa wajomba Ahero wakati wa mavuno atashindwaje na hayo? Halafu nikakuta kalamu kwao ni kalam, sabuni ni saabun, na ukitaka habari za mtu unauliza khabar. Nikasema moyoni, kumbe hata Kiswahili chetu cha landi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, kimetembea kuliko mimi.

Lakini nisikudanganye kwamba ilikuwa rahisi. Wao hawana neno moja la "wewe". Wana matatu: la mtu unayemheshimu, la rafiki au mdogo wako, na la mtoto au mbwa. Wiki za mwanzo nilimheshimu mbuzi wa jirani na kumtukana mke wa Guruji. Kitendo kinakaa mwisho kabisa wa sentensi, kwa hiyo unangoja kama abiria stesheni ndipo ujue mtu amefanya nini. Na sauti zao! Ukivuta irabu kidogo tu umesema kitu kingine. Pani ni "pia". Ukivuta a ya kwanza ukasema paani, umesema "maji". Hapo ndipo nilipokwama. Guruji alinirudisha na kunirudisha, nami kila mara nikimwaga maji mahali pasipo na maji. Wale wauguzi wawili walinipita katika matamshi, nakiri. Mimi niliwapita katika ubishi. Nilisema na kila mtu, mpishi, mfagiaji, wanawake kisimani. Wakicheka, nacheka, kisha nasema tena.

Watoto wa njiani nao walikuwa wakinifuata wakiita, "Kaali! Kaali!" Ni kusema mwanamke mweusi. Mwanzoni iliniuma. Siku moja nikageuka nikawaambia kwa Kinepali, pole pole, kwamba jina langu si hilo, jina langu ni Minayo, na wao wanaitwa nani? Wakaduwaa kama wamesikia jiwe likiongea. Mmoja mmoja wakajitaja majina, na tangu hapo tunasalimiana kwa majina. Sikuwaambia kwamba kwetu kali ni mtu asiyechezewa. Hilo nimejiwekea mwenyewe.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Sikukuu ile ilipokaribia, mkalimani alikwenda kwao. Mchana mmoja akaja mwanamume mwenye kikapu kikubwa mgongoni, na ndani ya kikapu amekaa mkewe, ana uchungu tangu juzi yake. Nyuma yao alikuwa mama mkwe, mama mzima mwenye kipini cha dhahabu puani. Nilimpapasa yule mwenye uchungu tumboni nikajua: mtoto alikuwa ametanguliza matako. Daktari wetu kijana akaja mbio. Mama mkwe akasimama mlangoni akatandaza mikono. Akasema, mwanamume hamgusi mke wa mwanangu. Daktari akajaribu Kinepali chake, kizuri cha darasani, na kadiri alivyosema ndivyo mama yule alivyopandisha sauti. Akamwamuru mwanawe amrudishe mkewe kikapuni. Na huyo mume akainama kumbeba.

Baba, ningeweza kuondoka, kwa kuwa hakuna aliyenituma kusema. Nilimwendea yule mama, nikaunganisha viganja kama wanavyosalimiana wao, nikatumia lile "wewe" la heshima. Nikamwambia mimi ni mkunga, mwanamke kama yeye. Akasema hanijui, sijui nimetoka wapi, mimi si mtu wa huko. Nikataka kumjibu, "Mama, mimi pia ni binti." Nikasema, "Aama, ma paani chhori hun."

Kisha nikalisikia kosa langu mwenyewe. Nilikuwa nimemwambia, "Mama, mimi maji binti."

Uso wa yule mama ukatetemeka. Nilidhani atanitemea mate. Akacheka. Alicheka mpaka akashika mwimo wa mlango, na mwanawe akacheka, na mwenye uchungu mwenyewe akatoa kicheko kidogo kati ya maumivu. Nami sikuona haya. Nikamwambia ndiyo, ni kweli, nimetoka kwenye ziwa kubwa, maji mpaka macho yanachoka, na sasa naomba aniache nifanye kazi. Akanipisha. Akasema nitaingia mimi, na yeye ataingia pamoja nami, na daktari akae nje ya mlango.

Ilikuwa kazi ngumu. Kwa mtoto wa namna hiyo, mama akisukuma kabla ya wakati unaweza kuwakosa wote wawili. Kila dakika lazima umwambie, na lazima akusikie. Nilikuwa na maneno machache tu: saas linus, vuta pumzi, na ahile hoina, bado. Nikayasema hayo mpaka sauti ikakauka. Mama mkwe alishika kichwa cha mkaza mwanawe, akawa ananirudia, nikisema bado naye anasema bado, kwa ile sauti yao niliyokosa miezi yote. Miguu ikatoka, mwili, mikono. Kichwa kikakawia. Nilimwomba Mungu kwa lugha nne, Baba. Kikatoka. Mtoto wa kike, wa buluu, kimya. Daktari akaingia, na safari hii hakuna aliyemzuia. Tukamsugua, tukampulizia, na mwishowe akalia kwa hasira, kama mtu aliyeamshwa bure.

Mama yake yu hai. Mtoto yu hai. Sasa kisimani wananiita Paani Didi, dada wa maji, na kosa langu limekuwa jina langu.

Mtihani wa Guruji nilifaulu, si kwa kishindo. Sista mkuu hakuniomba radhi wala sikungoja aniombe. Juzi aliniita ofisini akanionyesha barua ya mchungaji wetu. Akasema, "Baba yako anakutaka nyumbani. Ukitaka kwenda, sitakuzuia." Nikamwambia nakaa, na kwamba baba yangu nitamwandikia mwenyewe.

Ndiyo nakuandikia. Yule mwalimu wa shule uliyesema ameniulizia, mwambie kwa adabu asinisubiri. Na Baba mdogo Zakaria akiuliza tena, mkumbushe kijana mmoja Mragoli wa reli aliyempenda msichana wa Kijaluo, na ndugu zake, Zakaria akiwa mmojawapo, wakamwuliza atasema nini na wakwe. Mama ndiye aliyetusimulia. Ulifika Ahero jioni, ukawaamkia wazee "oyawore" kana kwamba jua limechomoza, watoto wakacheka mpaka wakaanguka chini. Ukarudi Jumapili iliyofuata, na iliyofuata. Leo wajomba wakigombania mpaka wa shamba hawamwiti chifu. Wanakuita wewe, nawe unaamua kwa Kijaluo chako. Siku ile mtu angekuambia urudi nyumbani, Baba, ungerudi?

Nisalimie Mama kwa kumshika mikono yote miwili. Msalimie Yohana, na mkewe, na wajomba na wake zao. Mama Atieno jirani yetu, aliyenipa kikapu cha omena, wale dagaa wa ziwa letu, nilipoondoka, mwambie kiliisha njiani na nilikionea uchungu. Baba mdogo Zakaria naye umsalimie, tena kwa heshima zote. Mchungaji mwambie nashukuru kwa maombi yake, ila hili moja alibadilishe.

Ni mimi binti yako, mzima wa afya, niliyekaa kwa kupenda kwangu,

Rebeka Minayo