Dawa ya Pumzi Imo Sandukuni

Kwa jina la Mola atupaye pumzi bila kumwomba. Swahibu yangu, nakuandikia nimekasirika.

Watu wenyewe ni watatu: dada yangu mwenye pumu, binti yake aliyejifungua katika nchi moja ya joto na unyevu, na mwana wa kiume wa dada huyo huyo, mjuaji wa kila safari, aliyemfungia mizigo.

Daktari alimwambia dada asiende kumwona mjukuu kabla mvua hazijakoma, achukue nguo nyepesi za pamba, na dawa ya kuvuta isitoke mkobani. Kijana akamkatia tiketi ya masika. Masika, ndugu yangu.

Leo dada kashuka uwanja wa ndege, hewa nzito kama shuka lililoloa, kifua kikambana. Akafungua mkoba. Akakuta sweta. Sweta la sufu, katika nchi ya jasho.

Binti aliyekwenda kumpokea akapiga simu, nami nimeketi na kijana.

"Kaka, dawa ya mama iko wapi?"

"Sanduku kubwa. Mkobani nilimwekea sweta, ndege ina baridi."

"Sanduku halijafika."

Nikamuuliza, na mwezi huu uliuchaguaje?

"Mvua ni baraka, mjomba."

"Ni baraka ya shamba, si ya kifua cha mamako."

Muuguzi wa uwanjani amempa dawa, kapata nafuu kidogo. Kisha nikasikia sauti ya dada simuni: "Kaka... usimseme... mwanangu."

Pumzi tatu alizorudishiwa, zote kazitumia kumtetea yeye.

Mola amkunjulie kifua dada yangu, na sisi tuliobaki nyumbani na kijana huyu atujaalie subira.